Batri za maji zinatoka, lithiamu inaingia: usinunue volti peke yake



Tangu mwaka jana nimepata ulizo moja mara nyingi, kutoka kwa watu wa kilasi yetu na hata kwa wadogo zetu wenye wangali chuoni: "Mukubwa, kama natosha batri za maji, naweka ya lithiamu, itatembea?" Wengine wanaulizia sola ya nyumbani, wengine pikipiki ya umeme. Mimi nitajibu kwa kitu chenye nilifanya kwa mikono yangu: kigari cha gofu.

Musicheke. Lubumbashi iko na uwanja wa gofu tangu wakati wa ukoloni, lakini siku hizi vigari hivi havibebi wachezaji tu. Vinabeba wageni na mizigo kwenye mahoteli, kwenye mashamba ya kupumzikia, na ndani ya viwanja vikubwa vya makampuni. Kuko fasi moja ya kupumzikia nje kidogo ya mji, jina nalibakisha, iko navyo vitatu, kila kimoja cha watu sita. Mwenye fasi alituita, mimi na mwenzangu wa elektromekanike, juu vigari vilikuwa vinachoka saa sita ya mchana, wakati zamani vilikuwa vinafika jioni. Batri zilikuwa na miezi 14 tu.

Kwanza tujue ndani ya sanduku kuko nini. Kigari cha volti 48 mara nyingi kiko na batri sita za volti 8, zimefungwa kwa mfululizo, moja inashika nyingine. Kuko pia vyenye batri nane za volti 6, ao nne za volti 12. Vile vya volti 36 viko na sita za volti 6. Kemia yake ni ile ya Gaston Planté, Mfaransa wa mwaka 1859: mabamba ya risasi ndani ya asidi na maji. Imepita miaka 160 na bado inawasha magari ya dunia nzima, kwa hiyo nisisikie mtu akiiita batri ya wajinga.

Lakini batri ya risasi inadai kitu kimoja: kujazwa mpaka mwisho, kila mara. Ikikaa nusu, salfeti yenye iko kwenye mabamba inaanza kuwa ngumu, sawa ule uchafu mweupe wenye kugandamana ndani ya birika la chai, na kila siku kipande kidogo cha batri kinakufa. Sasa shida ni kwamba asilimia 20 ya mwisho inaingia polepole sana. Chaja inaweza kufanya saa 8 mpaka 10, na zile saa za mwisho ni za tone kwa tone. Weka hesabu hiyo pamoja na umeme wetu. Dereva anachomeka chaja saa kumi na mbili ya jioni. Umeme unaenda saa tatu, unarudi saa saba ya usiku, unaenda tena mbele ya jua kutoka. Asubuhi geji inaonyesha kijani, kigari kinatoka, lakini batri haikushiba. Kesho vile vile. Kisha miezi 14 mwenye fasi anasema muuzaji alimuibia. Hakuna mwenye aliiba. Batri zililala na njaa usiku mingi, basi.

Lithiamu haina madai hayo. Ukiijaza mpaka asilimia 60 umeme ukaenda, haikasiriki. Kwa kweli kukaa katikati ndiko inakopenda. Wauzaji wanaisifu kwamba ni nyepesi na inaenda mbali. Ni kweli, lakini kwa mji wetu mimi naweka sababu hii mbele ya zote: inavumilia umeme wenye kukatika. Kama uko fasi yenye umeme unalala mpaka asubuhi, kigari kinazunguka saa moja tu kwa siku, na batri zako za maji ziko na mwaka mmoja, bakia nazo. Ongeza maji ya batri kwa wakati, safisha vichwa vya batri, na makuta yako uyapeleke kwingine.

Kisha watu wanaangalia namba ya ubavuni na wanashangaa. Batri zetu za zamani zilikuwa zimeandikwa ampea-saa 170. Pakiti ya lithiamu yenye tuliweka imeandikwa 105. "Mbona munanipunguzia?" Ndivyo mwenye fasi aliuliza, na lilikuwa ulizo la haki. Jibu liko na mafungu mawili.

La kwanza: ile 170 ni kama unaitumia polepole kwa saa 20. Mjerumani Wilhelm Peukert alionyesha tangu 1897 kwamba batri ya risasi ukiivuta kwa haraka inakupa kidogo. Batri ile ile, ukiimaliza kwa saa 5, inatoa karibu 145. Na la pili: hata hiyo 145 haufai kuila yote. Ukipita nusu mara kwa mara, unakata maisha yake. Kwa hiyo 145 mara volti 48 ni kama wati-saa 6,960, na nusu yake ni 3,480. Upande wa lithiamu, seli 16 za volti 3.2 zinafanya volti 51.2, mara 105 ni wati-saa 5,376, na unaweza kutumia asilimia 80 bila wasiwasi, yaani 4,300. Namba ndogo imeshinda namba kubwa. Mweleze mteja hesabu hii juu ya karatasi, polepole, mbele ya kugusa bolti hata moja.

Na uzito? Kila batri ya volti 8 ilikuwa na kilo 29, sita ni kilo 174. Pakiti mpya haikufika 50. Kigari kimeshusha watu wawili wakubwa wenye walikuwa wanapanda kila siku bila kulipa.

Hapa nifungue mabano kwa sisi watoto wa Katanga. Tumekomaa tukisikia kwamba bila kobalti ya Kolwezi hakuna batri ya lithiamu duniani. Si vile. Lithiamu ni jamaa kubwa, na watoto wake hawafanani. Simu yenye unasomea maneno haya, karibu hakika iko na kobalti ndani. Lakini batri za vigari, na nyingi za sola zenye zinauzwa mjini, ni za chuma na fosfeti. Watu wanaziita LFP. Kemia hiyo ilitoka kwenye maabara ya John Goodenough, Texas, katika miaka ya 1990, na Goodenough alipata tuzo ya Nobel pamoja na wenzake wawili mwaka 2019. Ndani yake hamna kobalti, hamna nikeli. Inachukua fasi kubwa kidogo kuliko zile za simu, lakini haishiki moto upesi na inaishi muda mrefu, na kwa kigari hayo ndiyo tunataka. Kongo inatoa zaidi ya nusu ya kobalti yote ya dunia, na kila LFP yenye inauzwa ni batri moja yenye haikuhitaji kilo hata moja ya kwetu. Lithiamu yenyewe tuko nayo pale Manono, hiyo ni hadithi ingine. Wenye kuandika memware juu ya uchumi wa madini, angalieni upande huo vizuri, nafunga mabano.

Sasa tuingie kwenye fasi yenye makuta yanapotelea.

Ukienda mjini leo kutafuta "lithiamu ya volti 48", utapewa ile ya sola, ya ukutani ao ya kwenye rafu. Nzuri sana, bei inavutia, volti ni zile zile. Utaifunga kwenye kigari, kitatembea uwanjani, kila mutu atapiga mikono. Kisha watu sita watapanda, kigari kitafika kwenye mlima, na kitazima katikati. Kimya. Unashuka, unangoja, kinawaka, kinazima tena. Mteja anasema ni batri mbovu. Batri haina ubaya, imefanya kazi yake.

Kila pakiti ya lithiamu iko na saketi ya ulinzi ndani, herufi zake ni BMS. Iko sawa mlinzi wa mlangoni: inaangalia volti ya kila seli, joto, na mkondo wenye kupita. Kikizidi kitu kimoja, inafunga mlango. Batri ya risasi haina mlinzi. Ukiivuta ampea 300 inatoa, inalalamika ndani yake, lakini inatoa. Batri ya sola ya ampea-saa 100 kawaida mlinzi wake amewekewa kikomo cha ampea 100 hivi, juu nyumba haitaki zaidi: ampea 100 mara volti 51 ni kilowati 5, friji na pasi na televizyo vinatosha. Mota ya kigari haiishi maisha ya friji. Tulipima kigari chetu mbele ya kununua kitu, kwa mita ya kushika waya yenye kupima mkondo wa DC. Kwenye tambarare: ampea 65. Kuanza kupanda, kimejaa watu: 240 kwa sekunde kadhaa. Kontrola yenyewe imeandikwa 400.

Kwa hiyo tulitafuta pakiti yenye karatasi yake inasema mambo mawili: ampea 200 bila kukoma, na 400 kwa sekunde chache. Zote mbili, kwa maandishi. Muuzaji mmoja alituambia "hiyo ni nguvu tu, itabeba", na sisi tukaenda kwa mwingine. Volti ni kama urefu wa suruali. Ampea ndizo kiuno. Suruali ya urefu wako yenye haifungi kiunoni utaifanyia nini?

Kuko na njia ingine watu wanapenda, kununua batri nne za lithiamu za volti 12 na kuzifunga kwa mfululizo. Mimi siipendi. Kila moja iko na mlinzi wake, na hawa walinzi wanne hawasemezani. Mmoja akifunga mlango, anapokea volti za wote mgongoni, na kama hakutengenezwa kwa hiyo anaungua. Tena kisha miezi kadhaa moja imejaa, ingine haijajaa, na haujui ni ipi. Chukua pakiti moja ya volti 51.2.

Chaja ya zamani inatoka pia. Hapa watu wanabishana nami juu namba zinakaribiana. LFP ya seli 16 mwisho wake ni volti 58.4, na chaja ya risasi inafika pia 58 na kitu. "Si sawa?" Hapana. Chaja nyingi za risasi kila baada ya muda zinapandisha volti makusudi ili kusawazisha seli, zinaweza kupita 62, hata kugusa 64. Mlinzi atafunga mlango kila mara, na siku akichoka kufunga, seli ndizo zitalipa. Zingine hazikubali kuwaka kabisa, juu zinatafuta volti ya batri ya risasi na hazioni kitu mlinzi akiwa amefunga. Nunua chaja ya LFP. Sisi yetu tuliiweka ikomee volti 56, yaani 3.5 kwa kila seli. Unapoteza kidogo sana, na seli zinapumzika.

Ile 56 iko na faida ingine yenye haionekani. Vigari vingi vya siku hizi, kama unashuka mlima, mota inageuka jenereta na inarudisha umeme kwenye batri. Ndiyo breki yake ya kwanza. Sasa fikiri asubuhi: pakiti imejaa mpaka shingoni, kigari kinashuka, umeme unarudi, mlinzi anaona volti zinapita, anafunga. Papo hapo ile breki ya mota inapotea na kontrola inaweza kuzima. Ukiwa na watu sita na mteremko mbele, mguu wako uwe unajua breki ya kawaida iko wapi. Kuacha nafasi kati ya 56 na 58.4 kunasaidia, na kontrola nyingi zinakubali kupunguziwa nguvu ya kurudisha. Kama fasi yenu iko na mteremko hapo hapo kwenye kituo cha chaja, fanya vyote viwili, na ujaribu kigari kitupu kwanza.

Mambo madogo nayapita mbio. Taa na honi vilikuwa vinanyonya volti 12 kutoka batri moja ao mbili za katikati. Kwa pakiti moja hakuna katikati, weka kibadilishi cha volti 48 kwenda 12. Ile rezista ndogo juu ya solenoidi, yenye mafundi wengine wanatupa wakisema haina kazi, kazi yake ni kujaza kontrola polepole mbele mlango mkubwa kufunguka. Bila hiyo mlinzi anaona mkondo wa ghafla na anafunga. Fyuzi ya DC karibu na kichwa cha chanya, si ya nyumbani ya AC. Sanduku la batri lilikuwa la batri sita na sasa kuko nafasi kubwa: funga pakiti kwa vyuma na bolti, kamba ya mpira haifai. Pete na saa uvuliwe, spana izungushiwe utepe.

Geji nayo itakudanganya. Ilikuwa inasoma volti, na volti za risasi zinashuka polepole kutoka karibu 51 kwenda 48 na chini, kwa hiyo ilikuwa na maana. Volti za LFP zinalala sawa meza: karibu safari yote ziko kati ya 53 na 51 na kitu, kisha mwishoni zinaanguka sawa jiwe. Geji ya zamani itasema "imejaa, imejaa, imejaa" mpaka kigari kinasimama. Weka mita yenye inahesabu ampea zenye zinaingia na zenye zinatoka.

Na udanganyifu wa madukani? Uko. Seli za mtumba zinavikwa sanduku jipya. Njia ya kwanza ni mizani. Seli moja ya LFP ya ampea-saa 100 iko na karibu kilo 2. Seli 16 ni kilo 32 mbele hujaweka sanduku, nyaya na mlinzi. Mtu akikuletea "volti 48, ampea-saa 100" ya kilo 20, mwambie asante umwache aende. Njia ya pili ni kuijaza, kuitoa umeme kwa mzigo unaoujua, na kuhesabu saa. Inachukua nusu siku. Muuzaji mwenye anakataa nusu siku kwa kitu cha dola 2,000 amekwisha kukujibu.

Juu ya makuta: seti mpya ya batri sita za maji tuliandikiwa dola 1,250. Pakiti ya lithiamu pamoja na chaja, mita na kibadilishi, 2,150. Kama batri za maji kwa umeme wa pale zinaishi miezi 14, ni karibu dola 89 kwa mwezi. Lithiamu inajilipa kwenye mwezi wa 24 hivi, bila kuhesabu maji ya batri na siku za kigari kulala. Watengenezaji wa LFP wanaahidi mizunguko 3,000 na kuendelea. Hata ikifanya nusu yake, kwa mzunguko mmoja kwa siku ni miaka minne. Lakini hesabu hiyo ni ya pale. Fanya ya kwenu na tarehe za kwenu, na umwambie mteja wazi kwamba dhamana ya miaka mitano ni karatasi kama muuzaji hatakuwa tena kwenye avenue ile. Tulishauri kubadilisha kigari kimoja kwanza, viwili vibakie na maji. Mwenye fasi hakupenda, alitaka vyote siku moja. Alikubali tulipomwambia kwamba hivyo viwili ndivyo vitamuonyesha kama tulimdanganya.

Kisha zikabakia batri sita za zamani, kilo 174 chini ya muembe. Kijana mmoja alikuja na pusi-pusi, yuko tayari kulipa kesh, na kila mutu pale alifurahi. Sisi tuliuliza anazipeleka wapi. Zinapasuliwa kwa shoka, asidi inamwagwa kwenye mtaro, risasi inayeyushwa kwenye sufuria nyuma ya nyumba. Pale Thiaroye-sur-Mer, karibu na Dakar, watu walikuwa wanafanya kazi hiyo hiyo. Kati ya mwisho wa 2007 na mwanzo wa 2008, watoto 18 walikufa kwa sumu ya risasi yenye ilikuwa imejaa kwenye mchanga wa mitaa yao. Kigari cha gofu ni mchezo wa wenye nacho, lakini vumbi lake linaangukia watoto wenye hawajawahi kukipanda. Tukaandika kwenye mkataba kwamba muuzaji wa pakiti atazichukua zikiwa nzima, vifuniko vimefungwa, na atakata bei yake kwenye faktire. Ilikuwa kidogo kuliko bei ya kijana wa pusi-pusi. Tulizipanga wima juu ya mbao, na kesho yake saa mbili gari lilikuja kuzipakia.